Meza ya Saruji Yenye Mandhari ya Ziwa

Binti yangu alinipigia simu kutoka ng'ambo akaniomba nimnunulie ramani ya kwao. Nilidhani mtandao unanichezea. Nikamwambia arudie, akarudia polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mama, nitafutie ramani nzuri ya Kisumu na ufuo wa ziwa. Na kitabu cha mwongozo wa wasafiri, kama kipo hapo mjini. Vya kwenye intaneti vinapingana."

"Ramani ya nini? Si wewe ulizaliwa hapa?"

"Nilizaliwa hapo, lakini nimeondoka zamani. Nataka nikodi gari nizunguke mwenyewe na mtoto. Sitaki kusumbua mtu."

Kusumbua mtu! Yawa! Mimi niliyembeba mgongoni nikifundisha darasa la pili, eti leo nitasumbuka akija. Kifungua mimba wangu anarudi nyumbani na mtoto wa kike ambaye sijawahi kumshika, na anataka kupita kwetu kama mtalii, kitabu mkononi, asimsumbue mtu. Nilikaa kitandani na simu mapajani. Sikujua nicheke au nimtukane.

Niseme waziwazi kilichokuwa moyoni mwangu. Baba yake alifariki wakati wa corona. Viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa na binti yetu hakuweza kuja. Mume wangu alikuwa mtu wa watu. Alifanya kazi bandarini Kisumu mpaka akastaafu, na hapakuwa na harusi wala matanga upande huu wa ziwa ambayo hakuhudhuria. Mtu wa namna hiyo tulimzika haraka haraka asubuhi, watu wachache wenye barakoa, chifu kando akitazama saa yake. Hakuna aliyelala matangani. Hakuna aliyekuja kutoka Alego kwetu wala Kano kwa mama yake. Binti yangu alitazama kwenye simu, na kule mlimani Seme tulikomzika mtandao ulikuwa unakatika kila mara, kwa hiyo aliona jeneza likiingia nusu.

Tangu hapo nikawa na haja moja tu duniani, kwamba mtoto huyu aje asimame kwenye kaburi la baba yake amlilie. Siyo kwa simu. Siyo kwa kutuma maua ya picha. Kila mwaka alisema mwaka ujao. Hata jina halikuwekwa kaburini, kwa sababu alisema tusubiri, jiwe la jina atalileta yeye. Tulisakafia saruji, tukaipiga rangi ya kijivu, tukamngoja.

Sasa alikuwa anakuja kweli, na alinitumia mpango wa safari yake. Siku ya Dunga kutazama viboko. Siku ya kuvuka kwa feri kwenda Mbita na Rusinga. Siku ya kupumzika hotelini. Halafu chini kabisa, baada ya kila kitu, ameandika: nyumbani kwa Baba, kama muda utaruhusu.

Kama muda utaruhusu! Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi mpaka herufi zikachanganyika. Nilimjua mwanangu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa hujaza siku zake viboko na feri.

Basi nikaenda dukani. Liko duka la vitabu karibu na stendi, la Mhindi ambaye babu yake alikuja na reli. Yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa, anazungumza Kijaluo na matusi yake yote. Tunajuana tangu nilipokuwa mwalimu na nikinunua chaki kwake. Alipoona ninaenda kwenye rafu ya watalii alivua miwani.

"Mwalimu, unasafiri? Nani amekufa?"

Sikukasirika, maana ndivyo tulivyo. Hapa kwetu mtu mzima hafungi mkoba bure. Ukionekana njiani na nguo nzuri na siyo Jumapili, kuna msiba mahali. Nilimwambia hakuna aliyekufa, ni binti yangu anayetaka kuja kwao kwa ramani. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniletea kiti na kunipangia vitabu mezani.

Nilianza na kile kinene, chenye picha ya simba kwenye jalada. Kurasa mia kadhaa za mbuga na fukwe za Mombasa, na Kisumu tumepewa kurasa mbili, mojawapo nusu yake ni tangazo. Kilisema sisi ni mji wenye usingizi. Usingizi! Mtu aliyeandika hivyo hajawahi kulala Kisumu Jumamosi karibu na baa. Kilimshauri msomaji aende akale samaki kwenye vibanda vya mabati pale ufuoni, na vibanda vile vilishabomolewa, hata mabati yake sijui yako wapi. Halafu nikafika kwenye sanduku jekundu la tahadhari. Limeandikwa kwamba mgeni asiingie Obunga wala Manyatta bila mwenyeji, na jioni asithubutu kabisa.

"Bwana," nikamwita mwenye duka, "hiki kitabu kinanikataza kwenda nyumbani kwangu."

Maana mimi naishi Manyatta. Nilihamia hapo kwa sababu ya presha na magoti, niwe karibu na kliniki, na jirani zangu ni mama wa mboga na mwalimu mstaafu mwenzangu. Jioni tunakaa nje tunamenya njugu. Nilishangaa kama mtu aliyesomewa mashtaka ya jirani yake.

"Vyote viko hivyo," akasema mwenye duka. "Mimi mteja akiniuliza kipi kizuri, namwambia afungue ukurasa wa kwao. Kitabu kikidanganya kuhusu kwako, kitasema kweli kuhusu kwa mwenzako?"

Nilimwambia kwa kipimo hicho auze vyote kwa wauza mandazi wafungie. Akanijibu kwamba karatasi ya kitabu hicho inateleza, haishiki mafuta.

Tukaenda kwenye ramani. Ile kubwa ya ukutani, ya kaunti zote kwa rangi, niliitafuta Seme, ndiko mume wangu alikojenga. Haikuwepo. Jina la ziwa limeandikwa kwa herufi kubwa mpaka zikapanda nchi kavu na kutufunika. Nyingine ilikuwa na barabara nzuri lakini iliuonyesha uwanja wa ndege upande ambao haupo. Mwishowe akanitolea karatasi ya zamani ya wapima ardhi, imekunjwa mpaka mikunjo imechoka. Nikaona kila kijito, kila kilima, mawe ya Kit Mikayi yamechorwa, na njia ya miguu inayopanda kutoka barabara ya Bondo mpaka mgongo wa mlima wetu. Boma letu halikuwemo, lilijengwa baadaye, lakini niliweza kuweka kidole mahali pake. Moyo ulinitulia. Nikamwambia aifunge hiyo.

Kabla hajapata karatasi ya kufungia, simu ikalia. Ni ujumbe wa binti yangu.

"Mama, usihangaike tena na kitabu. Nimepata ramani ya wasafiri kwenye simu, ile ambayo kila anayepita mahali anaandika alichokiona. Hii ni ya kweli kuliko vitabu. Angalia mahali nilipopata pa kulia chakula cha mchana!"

Chini ya maneno hayo kulikuwa na picha na maandishi. Mwenye duka alinisaidia kuyakuza. Nayaandika kama nilivyoyasoma: "Mahali pa siri, dakika chache kutoka Kit Mikayi. Boma tulivu lisilokaliwa, juu ya kilima. Meza kubwa ya saruji yenye mandhari ya ziwa, nzuri sana kwa chakula au kujinyoosha. Mzee mchangamfu wa jirani huleta chai, wakati mwingine hata kuku, huimba wimbo wa kienyeji kwa hisia mpaka machozi yamtoke, na hakubali malipo. Usipakose." Nyota zote tano zimejaa.

Kwenye picha kulikuwa na vijana wa kizungu wamekaa kwenye meza hiyo. Flaski, ndizi, parachichi lililopasuliwa. Mmoja amelala chali, kofia usoni, miguu ameielekeza ziwani. Nyuma yao uzio wa mnyaa, tangi la maji la buluu lenye ufa ambao niliuziba mwenyewe kwa lami, na nyumba yenye madirisha ya kijani.

Madirisha yale nilichagua rangi mimi.

Sikumbuki kuketi. Nakumbuka sakafu ya duka ilikuwa baridi na mwenye duka alikuwa ananipepea na ile ramani ya zamani. Nilikuwa nasema, "Huyo amelala juu ya mume wangu. Huyo mtoto wa watu amelala juu ya mume wangu, kichwa kwa kichwa." Wateja wawili walitoka nje kimya kimya. Yeye akachukua simu, akatazama picha muda mrefu, akaniletea maji.

"Mwalimu," akasema, "baba yangu tulimchoma, majivu tukamwaga ziwani. Kila Jumapili namwona mtu anaosha pikipiki mahali pale pale."

"Na unafanya nini?"

"Nilikuwa nawafukuza. Sasa nasalimia tu."

Sikutaka kufarijiwa. Nilitaka kumpata mtu wa kumfokea, na mtu huyo alikuwa yule mzee mchangamfu wa jirani. Kwa maana jirani ni mmoja tu, mdogo wake marehemu, shemeji yangu, ambaye boma lake na letu hutenganishwa na uzio, na ndiye niliyemwachia funguo. Nikampigia nikiwa bado sakafuni.

"Shemeji, kuna watu wanakuja hapo kwangu?"

"Ah, nyar Alego!" Ndivyo anavyoniita, binti wa Alego, tangu nilipoolewa. Sauti yake ilikuwa imejaa furaha. "Wengi! Nilikuwa nataka nikuambie ukija Desemba, niliona simu haifai kwa jambo kubwa hivi. Ndugu yangu analiliwa!"

"Analiliwa na nani?"

"Na watu wa mtoto wetu! Wazungu, Wachina, wengine hata sijui ni wa wapi. Wa kwanza walipokuja niliwauliza mmetoka wapi, wakasema ng'ambo. Nikajua papo hapo. Ameshindwa kuja, anatuma marafiki zake waje kwa niaba yake. Wanapanda kilima chote kile kwa miguu, nyar Alego! Wanaenda moja kwa moja kwenye kaburi, hawapiti hata nyumbani kwangu kusalimia, ndivyo walivyo na haraka ya kumwona."

"Wanakaa juu yake, Shemeji."

"Hata mimi mwanzoni nilishtuka. Halafu nikasema, hii labda ndiyo desturi yao, wanakaa karibu na mtu wao, hawamwogopi. Wanakula pamoja naye. Si vizuri hivyo? Naleta chai. Kukiwa na kuku nachinja, maana mtu haji matangani akaondoka na njaa. Nawaonyesha kwa mkono kwamba huyu ni ndugu yangu, namwimbia ule wimbo wake wa kanisani. Wananyamaza kabisa. Msichana mmoja alinikumbatia tukalia wote wawili mpaka nikaona haya."

Hasira yote niliyokuwa nayo haikupata mahali pa kutokea. Huyu mzee ndiye aliyeshika kamba siku ile ya mazishi kwa kuwa hapakuwa na mikono ya kutosha. Ndiye aliyerudi akasema kaka yake kazikwa kama mtu asiye na kwao, kisha hakula siku nyingi. Kumbe siku hizi anachinja kuku kila wageni wakija na anahesabu kwamba kaka yake sasa anapata haki yake. Ningemwambia nini? Kwamba wale walikuja kutazama ziwa?

"Asante, Shemeji," nikasema. "Umewapokea vizuri."

Mwenye duka alikuwa amesikia kila neno. Aligeuka akajifanya anapanga kalamu.

Nilirudi Manyatta na ramani yangu chini ya kwapa. Jambo la kumwambia binti yangu lilikuwa rahisi: hapo ulipopapenda ni kwenu, hiyo meza ni baba yako. Maneno mafupi kabisa. Hakupajua kwa sababu hakuwahi kupaona. Yeye alikulia mjini katika nyumba za kazi, na baba yake alijenga boma lile baada ya yeye kuondoka, maana mwanamume wa kwetu hawezi kustaafu akafia nyumba ya kupanga. Kwenye simu siku ya mazishi aliona barakoa na udongo, basi. Ningemwambia angelia kwenye simu. Angeomba msamaha. Kisha, namjua, angefuta mahali hapo kwenye mpango wake, angesema Mama siwezi sasa, nipe muda, na angeenda kutazama viboko.

Sikumwambia. Haya, nilinyamaza, na ningenyamaza tena. Jioni ile nilimwandikia: "Mahali hapo pazuri sana. Anzia hapo."

"Unapajua?" akauliza.

"Nimewahi kupita."

Nikamfafanulia njia vizuri kuliko kitabu chochote cha duniani. Nikamwambia uwanja wa ndege uko upande huo huo wa mji, kwa hiyo akienda hotelini kwanza atakuwa amerudi nyuma bure. Achukue gari lake, afuate barabara mpaka Kisian, akamate ya Bondo, na akiyaona mawe ya Kit Mikayi aanze kutafuta njia ya mkono wa kushoto yenye mti wa mkuyu. Nilipiga picha kipande kile cha ramani ya zamani nikamtumia na alama ya kalamu nyekundu. Alifurahi sana. Alisema hakujua kama mama yake ni mtalii. Akaongeza kwamba jioni atakuja kunisalimia Manyatta.

"Kitabu kinasema usithubutu," nikamjibu, naye akatuma vikaragosi vya kucheka.

Siku yake ilipofika nilitangulia. Nilipanda gari la asubuhi, nikashukia barabarani na kupanda kilima kwa magoti haya haya, nikipumzika kila penye kivuli. Shemeji alishangaa kuniona. Nilimwambia nimekuja kufungua madirisha nyumba ipate hewa, na kwamba huenda leo kuna wageni. Mara moja akaenda kuvaa koti lake la kanisa.

Niliingia ndani nikakaa nyuma ya dirisha la sebuleni. Kaburi lilikuwa mbele yangu kabisa, na ziwa chini yake limetandazwa mpaka ng'ambo ya Kendu. Nilimwambia mume wangu anisamehe kwa ninalolifanya. Nilimwambia pia kwamba yeye ndiye alimdekeza.

Gari likasimama njiani, nje ya lango, saa ya mchana. Akashuka mwanamke mwenye kofia pana na miwani ya jua, mabega yale yale ya baba yake, na mwendo ule wa kutanguliza tumbo kidogo. Nilishika nondo za dirisha. Alikuwa ameshika simu mbele yake akiifuata, na mkono wa pili ameshika katoto ka kike kenye nywele za mafundo. Hakatazami pembeni, kanatazama mawe. Waliingia langoni bila hodi, kwa sababu ramani ilisema boma halikaliwi.

Nilikuwa nimelipanga jambo hili mwenyewe. Usiku mwingi nililiona kichwani. Lakini alipotandika leso juu ya kaburi la baba yake, akailainisha kwa viganja, akamnyanyua mtoto na kumketisha pale, kisha akaketi yeye na kuanza kumenya yai, nilitaka kupiga kelele. Nilimwona akinyoosha miguu. Nilimwona akivuta pumzi ndefu akitazama ziwa, akamgeukia mtoto akatabasamu, mtu aliyefika mahali alipopatafuta.

Shemeji akatokea upande wa uzio na flaski yake na vikombe. Alisimama kwa heshima. Akaanza wimbo.

Aliimba ubeti mmoja wote. Niliona mgongo wa binti yangu unakaza. Wimbo ule baba yake alikuwa akiuimba akinyoa ndevu, kila asubuhi ya Mungu, nyumba nzima iliujua. Binti yangu akavua miwani.

"Baba," akamuuliza mzee kwa Kijaluo, "huo wimbo umeujulia wapi?"

Shemeji alikatiza wimbo. Hakuna mgeni wake aliyewahi kumjibu kwa lugha yake. "Wewe unazungumza Kijaluo?"

"Mimi ni wa Kisumu."

"Mtoto wa nani?"

Akataja jina la baba yake. Alilitaja tu, kama unavyojibu swali la kawaida njiani. Shemeji aliweka flaski chini taratibu, akamkaribia, akamtazama usoni. Mara ya mwisho alimwona akiwa msichana wa shule.

"Umekuja!" akasema. "Umekuja mwenyewe! Wote uliowatuma walifika, mwanangu. Tuliwapokea wote. Hakuna aliyeondoka bila chai."

"Niliwatuma nani?"

"Wenzako wa ng'ambo. Waliokuja kumlilia baba yako. Walikaa hapo hapo ulipokaa."

Binti yangu alitazama chini. Aliitazama leso, maganda ya yai, ukingo wa saruji ya kijivu. Aliupima ule urefu na upana kwa macho. Halafu akainua macho kwenye nyumba, na mimi nilikuwa nimeshatoka, nimesimama kwenye ngazi.

"Mama?"

"Hapa ndipo kwenu," nikasema. Ndiyo maneno pekee yaliyokuja.

Aliruka. Alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja na leso kwa mkono wa pili, vitu vikamwagika, yai likabiringika mpaka majanini. Alirudi nyuma hatua kwa hatua huku anatikisa kichwa. Nilingoja anifokee, na alikuwa na haki ya kunifokea. Badala yake alimgeukia mzee.

"Sikumtuma mtu, Baba mdogo. Haki ya Mungu, sikumtuma mtu yeyote. Ni ramani tu. Watu huiona kwenye simu, wanakuja kupumzika."

"Kupumzika?"

Akamwonyesha simu. Shemeji hawezi kusoma bila miwani, lakini aliiona picha, akaona yule kijana mwenye kofia usoni. Kisha akanitazama mimi, na uso wangu ulimwambia yaliyobaki.

"Hata yule aliyenikumbatia?"

Mzee wa watu alikaa chini, kwenye vumbi, na koti lake la kanisa. Mikono yake ilikuwa wazi mapajani.

"Basi ndugu yangu," akasema, "hajaliliwa na mtu."

Binti yangu alinijia akaniwekea mtoto mikononi. Hakunitazama. Kale katoto kalikuwa kazito na kanatoa harufu ya ndizi, na kalinikodolea macho bila kulia. Mama yake alivua viatu, akavua kofia, akaondoka kuelekea langoni. Gari lake lilikuwa nje huko. Nilishtuka kuliko siku ile dukani. Nilisema moyoni, nimemharibu, anaenda zake, sasa nimempoteza na huyu.

Alitoka nje ya lango kabisa, akasimama njiani, akageuka. Kwetu aliyekosa mazishi haanzi kulia kaburini, huanzia langoni, aingie akilia boma zima limsikie. Sikuwahi kumfundisha. Aliweka mikono yote miwili kichwani na akapiga ukunga ambao sijawahi kuusikia kwa mtu wa nyumba yangu, mpaka watu wa maboma ya chini wakatoka kutazama. Akaingia akikimbia, miguu mitupu.

"Nimekuja mimi, Baba! Mimi mwenyewe! Baba, ni mimi!"

Shemeji akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda kumpokea.